Kenyatta, Rasputin na Fuvu la Mkwawa: Mwongozo wa Kuwaingiza Watu wa Historia Katika Michezo ya Kutisha

Mwaka 1984 kampuni ya Kimarekani ya Chaosium ilichapisha kisa kirefu cha kuchezwa mezani kiitwacho Masks of Nyarlathotep. Wachezaji wanaanzia New York, Januari 1925, wanapitia London na Cairo, na wengi wao hujikuta Nairobi wakifuatilia habari za msafara wa tajiri mmoja wa Kimarekani, ambao inasemekana ulichinjwa wote porini. Wakiwa mjini humo, kama wamejua kuuliza, hukutanishwa na kijana wa Kikuyu anayeitwa Johnstone Kenyatta. Kijana huyo hapigani na kiumbe chochote wala hajui uchawi. Anawapima kwanza, na akiridhika nao anawafungulia njia ya kumfikia mganga mzee aitwaye Bundari. Baada ya hapo anarudi kwenye shughuli zake.

Ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya.

Asiyeifahamu michezo hii apate maelezo mafupi. Masks of Nyarlathotep ni kisa cha mchezo wa Call of Cthulhu, uliobuniwa na Sandy Petersen na kutolewa mwaka 1981, ukitegemea hadithi za Mmarekani H. P. Lovecraft (1890–1937). Kila mchezaji anashika mhusika wake: mwandishi wa habari, daktari, mwalimu wa chuo. Msimulizi anawaeleza wanachokiona na kuwasemea watu wengine wote wanaokutana nao. Dadu mbili zenye pande kumi zinatoa namba kati ya 1 na 100, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama jambo limefanikiwa. Kila mhusika pia ana alama za akili timamu. Akiona kisichofaa kuonekana, dadu zinarushwa. Akishindwa, alama zinapungua, na zikimwishia, mchezaji humkabidhi mhusika huyo kwa msimulizi.

Kumtia mtu wa kweli ndani ya kisa cha namna hii ni desturi ya zamani kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1924 jarida la Weird Tales lilitoa hadithi ambamo mfanya mazingaombwe Harry Houdini anafungwa kamba na kuteremshwa chini ya ardhi ya mapiramidi ya Misri. Jina la juu lilikuwa la Houdini, lakini mwandishi alikuwa Lovecraft, aliyelipwa kwa kazi hiyo. Houdini alikuwa hai, aliridhia, na sifa ilimfaa. Wengi ambao wasimulizi wa leo wanawatamani hawawezi kuulizwa ridhaa, na baadhi yao wameacha wajukuu na watu wa kabila lao wanaokumbuka vizuri walichotendewa. Kwa hiyo msimulizi anahitaji ufundi, na anahitaji adabu pia.

Ufundi kwanza. Kosa la kawaida ni kumleta mtu mashuhuri pamoja na umashuhuri wake wote. Kenyatta anaingia na usinga mkononi, sauti nzito, anaongea na watu watatu mezani kana kwamba yuko uwanjani siku ya Uhuru. Mwaka 1925 usinga ulikuwa haujafika. Aliyekuwepo ni mfanyakazi wa idara ya maji ya Halmashauri ya Mji wa Nairobi, aliyeajiriwa tangu 1922 kutunza stoo na kusoma mita kwa shilingi 250 kwa mwezi, mshahara mnono kwa Mwafrika wa wakati ule. Alikuwa na mkewe Grace Wahu na duka huko Dagoretti. Kikuyu Central Association ilikuja kumfanya katibu wake mwaka 1928, gazeti la Muigwithania likaanza mwaka huohuo, na jina la Jomo lilikuja miaka kumi baadaye.

Msoma mita ni tunu kwa kisa cha kutisha. Anaingia kwa geti la nyuma, anajuana na wapishi na watunza bustani, na wenye nyumba hawamtazami mara mbili. Msimulizi anaweza kuipanga hivi. Kuna nyumba Parklands imefungwa tangu mwenyewe aliposafiri kwenda Ulaya. Bustani imekauka, mabomba ya nje ni makavu, lakini kila mwezi mita inapanda kuliko ya hoteli. Mpishi amerudi kwao bila kudai mshahara wake. Mzungu wa ofisini ameambiwa, akajibu kwamba mita ni mbovu, ibadilishwe. Imebadilishwa. Mpya nayo inasoma vilevile. Kenyatta anaifungua daftari yake, anawaonyesha wachezaji safu ya tarakimu kwa mkono wake mwenyewe, na hasemi zaidi, kwa sababu zaidi ya hapo hajui. Meza nzima itataka kwenda Parklands, na hakuna aliyetaja jini wala pepo.

Mtu wa kweli anakuja pia na mipaka ya kweli, na mipaka hiyo inafanya kazi kubwa kuliko wasifu wake. Katika Nairobi ya 1925 wanaume wa Kiafrika walitakiwa kutembea na kipande, mara nyingi kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Wachezaji wanaoshika wahusika wa Kimarekani weupe watakuwa wamepanga Hoteli ya Norfolk, na watasema, kwa nia njema kabisa, "Mwambie aje tunywe chai." Hawezi kuja. Miaka mitatu tu nyuma, Machi 1922, umati uliokwenda kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi jirani na hoteli hiyo, na Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakaripia wanaume kwa woga wao, ni mmoja wa waliouawa. Basi wageni ndio watakaomfuata Dagoretti, wabishe hodi dukani kwake na kusubiri wanunuzi waondoke. Mwombaji sasa ni wao, na mazungumzo yatabadilika bila msimulizi kuhubiri neno.

Halafu kuna swali ambalo kila msimulizi huulizwa mapema: mchezaji akimpiga risasi Kenyatta itakuwaje? Kila aliyeketi mezani anajua kwamba Kenyatta alifariki Mombasa mwaka 1978, kwa hiyo kumtisha mtu huyu kwa kifo ni kupoteza muda. Hofu itafutwe kwingine. Je, atawaamini? Atamwambia nani kwamba walikuja? Wakimdanganya leo, watamkuta London mwaka 1929, amepelekwa huko na chama chake kupeleka kilio cha ardhi ya Wakikuyu, naye hajasahau. Kisa kikifika miaka ya 1930 anaweza hata kuonekana kwenye sinema: alikuwa miongoni mwa waigizaji wa ziada wa Sanders of the River, filamu ya 1935 aliyoigiza Paul Robeson. Wachezaji wenyewe watacheka, kisha watajiuliza walimkosea nini.

Vitabu vya michezo hupenda kumjazia kila mtu jedwali la nguvu, wepesi na akili. Kwa mtu wa historia jedwali hilo halina faida na mara nyingi ni kejeli. Kumpa Kenyatta alama za akili ni kumpima upya kama alivyopimwa na serikali ya kikoloni. Msimulizi aandike anachokitaka mtu huyo mwaka ule, anachokijua, na asichokubali kwa gharama yoyote. Karatasi ndogo inatosha.

Tarehe nazo zikaguliwe, maana kila meza ina mtu mmoja mwenye simu. Houdini alikufa tarehe 31 Oktoba 1926, kwa hiyo hawezi kufumbua fumbo la 1927. Arthur Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes na mhubiri wa kuongea na wafu, alifika Kenya kweli, lakini katika ziara yake ya 1928 na 1929. Karen Blixen yupo shambani kwake chini ya Ngong tangu 1914 hadi 1931, ingawa kitabu chake cha kwanza maarufu, Seven Gothic Tales, kilitoka 1934 alipokuwa amekwisha rudi Denmark. Simba wawili wa Tsavo waliouawa na J. H. Patterson mwaka 1898 walikuwa wameishi kama mazulia ya Patterson kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1920 wakauzwa kwa Field Museum ya Chicago, na waliko ni huko hadi leo. Patterson aliwahi kudai walikula watu 135, wakati utafiti wa 2009 ulikadiria kama 35. Tofauti ya watu 100 ni kisa tosha kwa msimulizi anayejua kuuliza ni nani aliyeiongeza, na kwa nini.

Lovecraft mwenyewe anafaa kuwa mhusika, na visa vingi vimeshamtumia. Mwaka 1925 anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga Brooklyn. Mkewe Sonia Greene amehamia Cincinnati kwa ajili ya kazi. Mwezi Mei wezi wanaingia na kubeba nguo zake karibu zote. Agosti anaandika hadithi ya Red Hook iliyojaa chuki dhidi ya wahamiaji wa mtaa uleule. Msimulizi asifiche ubaguzi huo wala asiufanye ugonjwa alioambukizwa na miungu yake ya kubuni. Ulikuwa wake, na barua zake zinaushuhudia.

Hapo tunaingia kwenye jambo zito kuliko yote katika sanaa hii: dhambi ya binadamu asibebeshwe jini.

Mfano wa karibu ni wa mwaka 2018. Kampuni ya White Wolf, iliyokuwa ikichapisha Vampire: The Masquerade, mchezo maarufu wa wanyonya damu, ilitoa kitabu kiitwacho Camarilla. Sura moja ilihusu Chechnya, ambako tangu 2017 zilikuwa zimetoka habari za watu wapenzi wa jinsia moja kukamatwa na kuteswa. Kitabu kikaeleza kwamba mateso hayo yalikuwa kiini macho, cha kuficha ukweli kwamba nchi inatawaliwa na wanyonya damu. Waliokuwa wakiteseka walikuwa bado hai. Malalamiko yalipopamba moto, kampuni mama, Paradox Interactive, iliomba radhi, ikasimamisha mauzo hadi sura hiyo iondolewe, na ikatangaza kwamba White Wolf haitakuwa tena kampuni inayojitegemea. Mwandishi wa sura ile huenda alidhani anaongeza uzito wa hofu. Aliupunguza. Aliwapa watesaji udhuru ambao hata wenyewe hawakuwa wameufikiria.

Masks of Nyarlathotep, pamoja na kasoro zake za kuipamba Afrika kwa waabudu shetani wanaocheza ngoma usiku, ilipata jambo moja sawasawa. Katika kisa hicho Wanandi watano wanahukumiwa haraka na kunyongwa kwa mauaji ya ule msafara, na gazeti linasifu kesi ilivyoendeshwa. Hawakuua. Waliofanya mauaji ni kundi la siri, lakini walionyonga wasio na hatia ni mahakama ya serikali, kwa mikono yake. Msimulizi anayejua historia anaweza kuzamisha jambo hilo chini zaidi. Oktoba 1905 afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimwita Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, kwenye mazungumzo ya amani, akampiga risasi hapohapo. Mwaka 1923 serikali ilipiga marufuku sherehe ya saget ab eito na kumkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, ambaye hakuachiliwa hadi 1964. Mzee wa Kinandi atakayewapokea wachezaji mwaka 1925 anayo yote haya kifuani. Hahitaji nyongeza ya pembe na mikia.

Meinertzhagen naye, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiye adui bora wa kisa chochote cha miaka hiyo, na hahitaji kiumbe nyuma yake. Alisafishwa na mabaraza ya uchunguzi. Akaishi hadi 1967 akiheshimika kama askari, jasusi na mtaalamu wa ndege. Baada ya kifo chake wataalamu wakagundua kwamba aliiba ndege waliokaushwa kutoka makumbusho, akawabandika vibandiko vya uongo vyenye mahali na tarehe za kubuni, na kwamba shajara zake zina kurasa zilizoandikwa upya. Msimulizi anapenda kuwapa wachezaji shajara kama ushahidi, nao kwa desturi huiamini kila neno. Wapewe ya mtu huyu. Wataifuata hadi porini kabla ya kushtuka kwamba mwandishi wake hakuwahi kufika huko.

Kinyume chake ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesema pepo Hongo amempa maji ya kuzima risasi, na aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza. Kishawishi cha kumfanya mjumbe wa mungu wa kutisha kutoka baharini ni kikubwa, na ni cha kukataa. Kufanya hivyo ni kurudia madai ya waliomnyonga, kwamba watu wa kusini walipumbazwa na mchawi. Kilichotisha katika Majimaji ni mashamba na maghala yaliyochomwa kwa makusudi ili njaa imalizie kazi ya bunduki. Wanahistoria wengine wanafikisha idadi ya waliokufa 300,000. Kisa kinaweza kumwacha Kinjikitile nyuma ya pazia kabisa, kikawafuata watu wanaotembea kutafuta chakula mwaka 1907.

Nairobi ya kikoloni ilikuwa na hofu zake tayari. Watu walisimuliana kwamba wazimamoto hukamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Pwani waliitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu uvumi huo mwaka 2000. Utamu wake kwa msimulizi ni kwamba uvumi wenyewe ulijua pa kuelekeza kidole: kwa wenye sare, magari na funguo.

Pale kumbukumbu zilipoacha pengo, ubuni una ruhusa pana. Chukua fuvu la Mkwawa. Mtwa wa Wahehe alijiua Julai 1898 ili asishikwe, Wajerumani wakakikata kichwa chake. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani ikabidhi vitu viwili katika miezi sita: Kurani ya Khalifa Uthman kwa mfalme wa Hijazi, na fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Miezi sita ikapita, kisha miaka. Fuvu lilirudi 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako lilichaguliwa kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake. Mwaka 1925, basi, hakuna ajuaye liko wapi. Wachezaji wanaweza kutumwa Bremen au Berlin, wapite kwenye ghala lenye rafu baada ya rafu za mafuvu ya watu yenye namba za wino. Fuvu lenyewe lisipewe laana. Ni la mzee wa watu, na mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa, aliyelipokea, alikuja kuwa Spika wa Bunge. Kitishacho ni rafu.

Rasputin, yule mtu wa dini wa Urusi, angeachwa apumzike. Vitabu vya michezo vimemgombea mno; ulimwengu ule wa Vampire peke yake umemtangaza kuwa wa koo kadhaa tofauti za wanyonya damu, hadi ikawa mzaha. Ila yuko upande wake mmoja unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1932 studio ya MGM ilitengeneza filamu kuhusu kifo chake, ikamwonyesha binti mfalme aliyeharibiwa naye. Irina Yusupov, mke wa mmoja wa waliomuua Rasputin, alijitambua katika picha hiyo, akashtaki London, na mwaka 1934 akashinda pauni 25,000. Lile tangazo la kwamba wahusika wote ni wa kubuni, linaloonekana mwishoni mwa filamu hadi leo, limetokana na kesi hiyo. Anayecheza sebuleni na rafiki zake hana haja ya wakili. Anayetaka kuchapisha kisa chake afikirie kwanza waliobaki hai, na wale waliokufa jana awaache kabisa.

Mezani, kabla ya kuanza, msimulizi aulize nani ana ndugu au kabila linaloguswa na kisa, na yapi yasiguswe. Meza nyingi siku hizi huweka kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Mchezaji anayeigusa hadaiwi maelezo, tukio linarukwa na mchezo unaendelea. Ni nyenzo nzuri, ingawa haitoshi pale msimulizi alipokuwa mvivu wa kusoma.

Kipindi kikiisha, dakika tano zitengwe za kutenganisha la kweli na la kubuni. Ebrahim Hussein alifanya hivyo alipochapisha tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969: alimwambia msomaji waziwazi kwamba mhusika wake ni wa kubuni, anafanana na Kinjikitile wa historia bila kuwa yeye. Wachezaji waambiwe kwamba mshahara wa shilingi 250 ni wa kweli na nyumba ya Parklands haipo. Kwamba Muthoni Nyanjiru aliishi na Bundari hakuishi. Anayetaka kuanza aende Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, akiwa Nairobi, au makumbusho ya Kalenga karibu na Iringa, achague mtu mmoja na mwaka mmoja, na asome kazi aliyokuwa akiifanya mtu huyo mwaka huo kabla ya kugusa dadu.